Saa Moja ni Saa Ngapi? Simu Yenye Kibodi, Stesheni ya Kidete na Nafasi ya Kiswahili Ndani ya Kifaa



Mada niliyoichagua inahusu kifaa ambacho zama zake zimekwisha kupita: ile simu janja ya awali, iliyokuwa na kibodi kamili iliyojificha chini ya kioo na kutolewa kwa kusukumwa ubavuni. Ndani yake mlikuwa na kalenda, kitabu cha anwani, daftari la kumbukumbu na kengele ya kuamsha. Kwa maneno mengine, ilikuwa simu na karani katika kiganja kimoja.

Pamoja na kifaa hicho nimechagua mahali. Kidete ni stesheni ya Reli ya Kati katika Wilaya ya Kilosa, kwenye bonde la mto Mkondoa, baina ya Kilosa na Gulwe. Wengi wetu tunalikumbuka jina hilo kwa sababu ya mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, yaliyoikata reli katika sehemu hiyo. Mimi nalitaja kwa sababu nyingine. Stesheni ni mahali ambapo saa ya mashine na saa ya msemaji hukutana kila siku, na mwenye kukosea hesabu huachwa na treni.

Hoja yangu ni moja. Kifaa kigeni kinapotufikia, mara nyingi tunashughulika na jina lake na tafsiri ya menyu zake. Kazi hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Lugha hukaa pia katika mpangilio wa herufi, katika muundo wa neno na katika hesabu ya saa na siku. Huko ndiko Kiswahili kilikokosa nafasi ndani ya simu hizo, na kwa kiasi kikubwa bado kinaikosa.

1. Kifaa na jina lake

Wazo la kuunganisha daftari na mashine ni la zamani kidogo. Kampuni ya Psion ya Uingereza ilitoa karani wake wa mfukoni mwaka 1984. Mwaka 1996 Nokia ya Ufini ilitoa Nokia 9000 Communicator, iliyofunguka kama kasha na kuonesha kibodi kamili. Mwezi Septemba 2008, mjini New York, ilizinduliwa T-Mobile G1, iliyoundwa na HTC ya Taiwan, nayo ikawa simu ya kwanza kuuzwa ikiwa na mfumo wa Android. Mwaka 2009 ikafuata Nokia E75, ambayo kibodi yake ilisukumwa ubavuni vivyo hivyo.

Kwa G1, kibodi hiyo haikuwa pambo. Toleo la kwanza la Android halikuwa na kibodi ya kwenye kioo. Hiyo ilikuja na toleo la 1.5, mwezi Aprili 2009. Baada ya hapo vibonye halisi vilianza kupoteza kazi, na katika miaka michache simu za namna hii zikatoweka madukani.

Kuhusu jina, wasemaji wa Kiswahili hawakupata taabu. Neno *simu* asili yake ni Kiajemi, lenye maana ya fedha na pia waya. Lilipoingia katika matumizi yetu lilibeba kwanza habari zilizopita katika waya. Reli iliyofika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914 ilikwenda sambamba na nyaya hizo, na stesheni moja iliiarifu nyingine kwa simu. Baadaye neno likahamia kwenye chombo cha kuzungumzia. Simu za mkononi zilipoanza Tanzania mwaka 1994, waya ulikwisha kuondoka lakini jina likabaki. Wataalamu walipendekeza *rununu* na *rukono*. Wasemaji wengi wakasema *simu ya mkononi*, kisha *simu janja*. Wakaunda pia *kubipu*, wakaazima *vocha* na *meseji*. Umma unaoweza kuyafanya hayo bila kamati hauna upungufu wa msamiati. Upungufu, kama upo, tuutafute kwingine.

2. Herufi chini ya kioo

Tumfikirie mtu anayetaka kumwandikia ndugu yake sentensi hii: *Nitafika Kidete saa moja*. Katika simu ya kawaida ya wakati huo, yenye vibonye 12, kila kibonye kilibeba herufi tatu au nne. Herufi *a* ilipatikana kwa kubonyeza mara 1, *k* mara 2, *i* mara 3, na *s* mara 4, kwa kuwa ilikuwa ya mwisho katika kibonye cha 7. Neno *Kidete* peke yake lilidai mibonyezo 11. Sentensi nzima, pamoja na nafasi kati ya maneno, ilidai mibonyezo 42. Aidha, mwandishi alilazimika kusubiri kidogo mahali patatu ambapo herufi mbili zinazofuatana zilikaa katika kibonye kimoja: *d* na *e* katika *Kidete*, *a* na *a* katika *saa*, *m* na *o* katika *moja*. Katika kibodi kamili ya kusukuma, sentensi hiyo hiyo ni mibonyezo 24, bila kusubiri.

Hesabu hii inatusaidia kueleza jambo ambalo baadhi yetu tulilikemea bila kulichunguza. Vijana waliandika *xaxa* kwa *sasa* na *xana* kwa *sana*. Tukasema wanaiharibu lugha. Lakini *x* ilipatikana kwa mibonyezo 2 tu katika kibonye cha 9. *Sasa* ni mibonyezo 10, *xaxa* ni 6. Zaidi ya hayo, tahajia sanifu, iliyosimamiwa na Kamati ya Lugha tangu mwaka 1930, haikuipa *x* kazi yoyote. Ilikuwa herufi isiyo na ajira, na vijana wakaiajiri. Msomaji hakupotoshwa, maana hapakuwa na neno lingine lililoandikwa hivyo. Kadhalika *cjui* kwa *sijui*: silabi *si* iliyodai mibonyezo 7 ikawa *c* ya mibonyezo 3.

Hata hivyo, si kila kifupisho kilipunguza jasho la kidole. Tarakimu 2 katika *2taonana* na *wa2* ilikuja baada ya herufi tatu za kibonye chake, yaani kwa mbonyezo wa nne, au kwa kukishikilia kibonye. Silabi *tu* ilidai mibonyezo 3 tu. Hapa kilichookolewa ni nafasi, kwa sababu ujumbe mmoja ulikuwa na ukomo wa herufi 160 na kila ujumbe ulilipiwa. Kwa hiyo tuna sababu mbili tofauti, kidole na mfuko, na mwanaisimu mwangalifu hazichanganyi.

Kibodi kamili iliiondoa sababu ya kwanza: *s* na *x* zote zikawa mbonyezo mmoja. Lakini *xaxa* haikufa. Ilikwisha kuwa alama ya rika na ya mazungumzo ya karibu. Mbinu iliyozaliwa na ugumu wa chombo ikageuka mtindo, na mtindo una maisha yake. Hilo ni somo la isimujamii ambalo mwanafunzi yeyote hapa anaweza kulifuatilia katika simu yake mwenyewe.

Kulikuwa pia na hasara. Alama ya ritifaa, inayotenganisha *ng'oa* na *ngoa*, haikupata kibonye chake katika simu za vibonye 12; ilifichwa miongoni mwa alama nyingine. Wengi wakaiacha. Muktadha uliwasaidia wasomaji, lakini tofauti ya fonimu mbili ilidhoofika katika maandishi ya kila siku, na kibodi kamili hazikuirudisha kwa wote waliokwisha kuzoea kuiacha.

Kubwa zaidi ni suala la muundo wa neno. Programu za kubashiri maneno zilitegemea orodha ya maneno. Orodha inaifaa lugha ambayo kitenzi chake kina maumbo machache. Kwetu, nafsi 6 na viambishi 4 vya njeo na hali, yaani *-na-*, *-li-*, *-ta-* na *-me-*, vinatoa maumbo 24 ya kitenzi kimoja, kabla hatujagusa ukanushi, ngeli, mtendwa wala mnyambuliko. *Hatutakuandikia* ni neno moja lenye viambajengo saba: *ha-tu-ta-ku-andik-i-a*. Orodha hailimalizi. Kinachotakiwa ni sarufi, na sarufi ya Kiswahili imekwisha kuelezwa vizuri na wataalamu wetu. Ilibaki vitabuni wakati mashine zikiundwa.

3. Saa na siku

Sasa tuifungue kalenda ya simu hiyo. Msafiri wa Kidete ameambiwa treni itapita saa mbili asubuhi. Anataka kengele imkumbushe. Akiandika 2:00, kengele italia saa nane usiku. Ili aamshwe vizuri, lazima kwanza ahame kutoka katika hesabu yake, aongeze sita, na aandike 8:00.

Hesabu ya saa ya Kiswahili haina kasoro. Ina mantiki iliyo wazi: siku huanza jua linapochomoza na usiku huanza linapozama. Kidete ipo kati ya digrii 6 na 7 kusini mwa ikweta, na huko jua halisogei sana mwaka mzima. Huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili. Kwa mkulima wa mahindi katika bonde la Mkondoa, saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mchana, kama jina lake linavyosema. Ratiba za reli zimefuata kwa muda mrefu saa 24 zinazohesabiwa tangu usiku wa manane, na wasafiri wamekuwa wakitafsiri vichwani mwao. Wanaifanya tafsiri hiyo kwa ustadi ambao hatujaupa heshima.

Siku nazo zina mambo. Kalenda za simu huanza juma Jumapili au Jumatatu. Majina yetu yanahesabu kuanzia Jumamosi, mosi, hadi Jumatano, ya tano. Inafuata Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, kwa hesabu inayoanza Jumapili. Tano mbili zinakaa jirani na hakuna anayegombana nazo. Tena, kwa desturi ya pwani, siku huanza magharibi, hivyo *usiku wa Jumatano* kwa wazee ni ule unaotangulia mchana wa Jumatano. Ili kuondoa utata, siku hizi tunasema *usiku wa kuamkia Jumatano*. Karani wa kwenye simu hana mahali pa kuandika *kuamkia*. Wala sehemu zake mbili za siku haziwezi kubeba alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni na usiku.

Mtu anaweza kusema haya ni madogo. Lakini tumfikirie mgonjwa aliyeandikiwa dawa saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na kijana wa nyumbani anayemwekea kengele. Tumfikirie mama anayepaswa kurudi kliniki. Kosa la saa sita si la kimtindo. Na reli mpya ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 na kupita katika bonde hilo hilo, imeleta ratiba inayohesabiwa kwa dakika. Nafasi ya kukosea imepungua.

4. Tufanye nini?

Haitakuwa haki kusema hapakufanyika kitu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, na istilahi zake zilitungwa hapa hapa. Makampuni makubwa yakafuata. Leo mtu anaweza kuiweka simu yake yote katika Kiswahili. Lakini simu hiyo, ikisema Kiswahili fasaha katika menyu zake, bado humwandikia 7:00 mtu anayesoma saa moja. Maneno yamehamia; hesabu haijahamia.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, wanaisimu washiriki katika CLDR, hazina ya Unicode inayoeleza majina ya siku, miezi na namna za kuandika saa kwa kila lugha, na ambayo waundaji wa simu huitumia. Milango yake iko wazi kwa wachangiaji. Pili, idara zetu ziwaweke wanafunzi wa isimu na wa kompyuta katika darasa moja, ili uchambuzi wa kitenzi ufike kwenye programu. Tatu, tuukusanye ujumbe mfupi wa miaka ile, kwa ridhaa ya wenye nao, kabla simu hizo hazijaozea makabatini. Ni maandishi ya watu ambao hawakuwahi kuandika kitabu, nayo ni ushahidi wa namna Kiswahili kilivyoandikwa na umma.

Kibodi ile ya kusukuma imepita. Maswali iliyotuachia yamehamia kwenye kioo, na sasa yanahamia kwenye mashine zinazosikiliza sauti. Mtu wa Kidete atakapoiambia mashine, *niamshe saa moja*, mashine hiyo itabidi ijue ni saa ngapi. Jibu hilo hatuwezi kuwasubiri wengine walitoe kwa niaba yetu.