Jina la Kweli: Hotuba kwa Wanaoanza Kazi katika Makao ya Vijana



Tumeombwa kusema machache juu ya kazi mnayoingia. Sisi tulio ofisini kazi yetu ni kalamu na daftari, wala hatudai kuyajua malezi kuliko mama wa jikoni au mlinzi wa usiku. Lakini kila kijana aingiaye katika makao hupita mbele ya meza yetu, na kwa hiyo liko jambo moja tulijualo vema. Jambo hilo ni jina lake. Mkijua namna ya kulipokea jina la kijana, mmeianza kazi. Msipojua, mtapika na kufundisha mwaka mzima bila ya kujua mnamtumikia nani.

Kazi hii si mpya katika nchi yetu. Mwaka 1959, katika siku za mwisho za Hali ya Hatari, Bwana Geoffrey Griffin pamoja na Bwana Geoffrey Geturo na Bwana Joseph Gikubu walianzisha kituo cha Starehe mjini Nairobi, katika vibanda viwili vya mabati, ili kuwapokea wavulana waliokuwa wakilala njiani. Katika miaka ya 1970 Padri Arnold Grol, mtu wa Uholanzi, alianzisha chama cha Undugu kwa ajili ya vijana waliotafuta senti kwenye maegesho ya magari na katika mapipa ya taka. Hata hivyo haja haikwisha. Hesabu ya Serikali ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639 waishio mitaani katika Kenya nzima, na 15,337 kati yao walikuwa katika Nairobi peke yake. Kila mmoja katika hesabu hiyo ana jina alilopewa na wazazi wake, na mara nyingi silo atakalowaambia ninyi usiku wa kwanza.

Msimkasirikie kwa hilo, wala msimwite mwongo. Kijana wa mtaani huficha jina lake kwa sababu zenye maana. Pengine aogopa kurudishwa katika nyumba alimopigwa. Pengine amekwisha kukamatwa, akaona kwamba aliyetaja jina la kweli ndiye aliyetafutwa tena kesho yake. Pengine wamekuja watu kumi kabla yenu wakiwa na karatasi na kalamu, wakaandika habari zake, wakaondoka, asiwaone tena. Nguo zake zaweza kuibwa akilala, na senti zake zaweza kunyang'anywa. Jina ndilo mali pekee aliyoweza kuihifadhi. Si ajabu basi akiwapa jina la mchezaji mpira, au lile la utani aliloitwa na wenzake.

Sasa mtauliza, jina lina faida gani, ikiwa amekula na kulala? Tutazameni Katiba yetu ya mwaka 2010. Kifungu cha 53 kinapotaja haki za mtoto, cha kwanza kutajwa ni jina na uraia tangu kuzaliwa; elimu, chakula na makao hufuata. Sisi makarani twaona kila siku kwamba mpango huo una maana. Pasipo jina la kweli hapana cheti cha kuzaliwa, na pasipo cheti shule humwandikisha mtoto mtihani wa Taifa kwa taabu. Atimizapo miaka 18 huhitaji kitambulisho. Asiye na kitambulisho hawezi kuandikisha laini ya simu kwa jina lake, wala kupokea mshahara kwa simu au benki, na akisimamishwa na askari hana la kuonyesha. Kijana tuliyemlisha miaka minne aweza kutoka langoni kwetu siku hiyo na kurudi njiani palepale tulipomwokota, kwa kukosa karatasi moja.

Tena, jina ndilo njia ya kufikia jamaa zake. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, pamoja na mpango wa Serikali wa malezi wa miaka 2022 hadi 2032, vyatuelekeza tumrudishe mtoto katika jamaa, iwe yake mwenyewe au nyingine itakayomlea, kila inapokuwa salama. Makao yetu ni daraja, na daraja halijengwi kwa kukaa watu juu yake. Lakini hamwezi kumpeleka mtoto kwao ikiwa hamjui kwao ni wapi.

Tulipata kuwa na kijana mmoja aliyetupa majina matatu katika muda wa mwezi mmoja. Tuliyaandika yote matatu, kila moja na tarehe yake, bila ya kumkemea. Jioni moja alipokuwa akisugua masufuria pamoja na mama wa jikoni, alisema tu kwamba bibi yake alikuwa akisugua kwa majivu ya kuni, naye akiuza omena sokoni karibu na ziwa. Mama hakuuliza neno. Alitupasha habari asubuhi. Baada ya majuma mawili kijana alitaja mwalimu wake wa darasa la pili. Kwa jina la mwalimu tuliipata shule, na katika daftari la shule tulimpata yeye, jina lake na la baba yake. Bibi yake alikuwa amekwisha kufa, na mjomba hakuwa na nafasi ya kumlea. Hakurudi kwao. Lakini alipata cheti chake, akafanya mtihani kwa jina aliloitwa na bibi yake, na hilo yeye alilihesabu kuwa jambo kubwa.

Mwingine hakukaa nasi ila siku tano. Alifika na kikohozi kibaya, akapelekwa hospitali, akafa huko. Jina tulilokuwa nalo lilikuwa la utani. Tulitangaza, tukauliza mitaani na kwa chifu, hapana aliyejitokeza, naye akazikwa kwa jina lile. Mahali fulani yuko mama ambaye hata leo atazama njia. Twalisema hili ili mjue kwamba kazi ya jina si ya ofisi tu.

Basi yawapasa kufanya nini? Kwanza, usiku wa kwanza mpeni maji, sabuni, ugali na mahali pa kulala, kisha mwulizeni apenda aitwe nani, na mwandike alisemalo. Mengine na yangoje asubuhi. Lakini afisa wa watoto apashwe habari bila ya kukawia, maana hatuna ruhusa ya kumweka mtoto kwa siri. Na mtoto akiwa hatarini, simu ya 116 hupigwa bure.

Pili, jifunzeni kuuliza mambo madogo. Mto gani ulikuwa karibu? Siku ya soko ilikuwa ipi? Bibi alisali kanisani au msikitini? Mlivuka reli mkienda shule? Mtoto asiyetaka kutaja baba yake atataja mwembe uliokuwa nyuma ya darasa. Kila neno liandikwe na tarehe yake, kwa kuwa cheti cha aliyechelewa kuandikishwa hutafutwa kwa vipande: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, barua ya shule au ya chifu. Umri usipojulikana, daktari wa Serikali ataukadiria.

Tatu, msimwite chokoraa, hata kwa mzaha, na msiyachukue maneno yake kuyapeleka barazani, wala picha yake kuionyesha watu. Siri ya kijana ikitoka nje mara moja, wenzake wote watafunga midomo.

Nne, mkisema mtakuja saa kumi, njoni saa kumi. Kijana huyu amezoea wakubwa wasemao na kutotenda, naye huwapima kwa saa kabla ya kuwapima kwa upendo. Msimwahidi shule, viatu wala safari ya kwao mpaka mjue kwamba vipo. Na yeyote aonaye kwamba hawezi kukaa nasi muda mrefu, na atuambie mapema, tumpe kazi ya ghalani au ya hesabu, kuliko kufungua moyo wa mtoto na kuuacha wazi.

Tano, wengine watatoroka. Gundi huita, na marafiki wa mtaani nao huita. Akirudi, msimfungulie ukurasa mpya kana kwamba ni mgeni. Mrudisheni katika ukurasa wake uleule, ili ajue kwamba mahali pake palikuwa pakimngoja. Tumewaona walioondoka mara tatu, wakarudi mara ya nne na kusema jina la kweli bila ya kuulizwa.

Nanyi wanachama, mtakaposoma hesabu ya fedha katika kitabu hiki, mtaona fungu la nauli. Yuko aliyeuliza mbona karani asafiri mpaka wilaya za mbali. Asafiri kwa sababu daftari la shule au la kanisa halisafiri. Twaomba fungu hilo lisipunguzwe.

Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Vijana hawa hawakuiacha asili yao. Wameificha, nao wamngoja mtu wa kuaminika wapate kuitoa. Ndugu zetu wapya, iweni watu hao. Twawakaribisha kazini, na twawatakia subira na afya njema.