Nani Aamue, na Lini? Kuacha Matibabu ya Sonona ya Muda Mrefu

Mada kwa semina ya wauguzi, matabibu, maofisa ustawi wa jamii na ndugu wa wagonjwa



Ratiba inasema nitazungumzia ufuasi wa dawa. Nitauzungumzia kwa upande ambao huwa tunaukwepa: mtu aliyetumia dawa za sonona kwa miaka na sasa anataka kuacha. Tunaukwepa kwa kuwa tumezoea jibu moja, "Usiache dawa, utaumwa tena," na jibu hilo ni rahisi kulitoa foleni ikiwa imefika hadi mlangoni. Ubaya wake ni kwamba mgonjwa anaacha vilevile, ila hatuambii. Tarehe ya kliniki inapita, simu haipokelewi, na siku tukimwona tena amekonda, hasemi, na mama yake ndiye anayejibu maswali yote.

Nasema mapema ninachokiamini ili mnibane baadaye. Uamuzi wa kuacha ni wa mgonjwa. Kazi yetu ni kuhakikisha anaufanya akiwa katika hali nzuri, akiwa na taarifa zote, na akijua atamrudia nani mambo yakiharibika. Na swali la kuacha tuliulize sisi, tangu siku ya kwanza tunapomwandikia dawa: utatumia hadi lini, na tutajuaje kwamba muda umefika?

Jinsi watu wanavyoacha

Wengi wanaoacha hawakuamua. Dirisha la dawa limesema hakuna, nenda kanunue nje, na hela ya kununua nje haipo. Nauli ya kutoka kijijini hadi hospitali ya wilaya imeshindana na daftari za watoto. Mwingine ameshika mimba, dada yake akamtisha kwamba atazaa mtoto mwenye kasoro. Mwingine ameombewa, akaambiwa kuendelea na vidonge ni kukosa imani. Mwingine mumewe amekuta vidonge kwenye mkoba akauliza kama alioa mwendawazimu. Ramadhani nayo hupita na watu wetu: mtu anaacha mwezi mzima akidhani funga na dawa haviendi pamoja, wakati dawa nyingi za sonona humezwa mara moja kwa siku na zinaweza kuhamishiwa baada ya futari au wakati wa daku.

Wapo pia walioamua hasa, kwa sababu ya yale tunayoyaita maudhi madogo madogo, ingawa si madogo kwa anayeishi nayo. Kinywa kikavu, choo kigumu, uzito kuongezeka, usingizi unaomfanya dereva wa bodaboda aiogope barabara. Na hamu ya tendo la ndoa kupotea. Hili la mwisho halitajwi mpaka liulizwe, na sisi hatuulizi, kwa sababu muuguzi ni rika la binti wa mgonjwa na wote wawili wanaona haya. Fluoxetine na sertraline zinajulikana kabisa kwa jambo hili. Ndoa inayumba, dawa inaachwa kimyakimya, na kwenye faili tunaandika "mgonjwa si mfuasi mzuri". Kuna na yule anayesema, "Silii tena, lakini hata harusi ya mwanangu sikuifurahia." Huyo anatuambia jambo zito kuhusu dawa au kuhusu ugonjwa wenyewe, na anastahili dakika kumi zaidi za kusikilizwa.

Aliyepata nafuu

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na madaktari bingwa wa akili, ule wa mhGAP, unataka dawa iendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha. Hesabu inaanza siku mtu alipopata nafuu. Wengi wetu tunaihesabu kuanzia kidonge cha kwanza, na ndiyo maana tunawaachisha watu dawa mapema. Kwa mtu aliyeugua mara mbili au tatu, au ambaye ugonjwa wake uliwahi kumfikisha kwenye kutaka kujiua, muda huwa mrefu zaidi, pengine miaka, na hapo ndipo swali la leo linapokuwa gumu.

Utafiti mmoja unatusaidia kulijibu bila kubahatisha. Ulichapishwa mwaka 2021 katika jarida la New England Journal of Medicine, na mtafiti wake wa kwanza ni Gemma Lewis wa University College London. Wagonjwa 478 nchini Uingereza, waliotumia dawa kwa muda mrefu na kujiona wako tayari kuacha, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliendelea na dawa. Lingine lilipunguziwa polepole hadi likabaki na vidonge visivyo na dawa ndani, na hakuna aliyejua yuko kundi gani. Katika wiki 52, ugonjwa uliwarudia asilimia 56 ya walioacha, na asilimia 39 ya walioendelea.

Takwimu hizi zisomwe zote, kwa sababu kila upande hupenda kuzikata nusu. Kuacha kunaongeza hatari, hilo halina ubishi. Lakini katika watu 100 walioacha, 44 walimaliza mwaka bila kuugua. Na katika 100 walioendelea kumeza kila siku, 39 waliugua hata hivyo. Kwa hiyo anayemwambia mgonjwa "ukiacha lazima utaumwa" anasema uongo, na anayemwambia "umepona, tupa dawa" anamchezea maisha. Kumbukeni pia kwamba wale walishushwa taratibu na walikuwa na daktari wa kumpigia simu. Wetu hukatika ghafla, na wakiwa peke yao.

Mjamzito anahitaji maneno yake. Utafiti wa Marekani ulioongozwa na Lee Cohen, uliochapishwa mwaka 2006, uliwafuatilia wajawazito waliokuwa na historia ya sonona na waliokuwa wakitumia dawa karibu na kushika mimba. Walioacha, asilimia 68 waliugua tena kabla ya kujifungua. Walioendelea, asilimia 26. Sonona katika mimba nayo ina madhara yake: mama halali, hali, hahudhurii kliniki. Kumwambia aache kwa sababu tu kipimo kimeonyesha mimba ni kumwondoa kwenye hatari moja na kumtia kwenye nyingine. Aje tuzungumze naye mapema, ikiwezekana kabla hajashika mimba.

Ambaye hakupona

Mgonjwa huyu ndiye anayenihangaisha zaidi. Amemeza miaka mitano, hakuna kilichobadilika, na sasa anauliza kwa nini aendelee. Ana haki ya kuuliza. Lakini kabla hatujakubaliana naye kwamba matibabu yameshindwa, tujiulize kama aliwahi kutibiwa.

Fungueni mafaili yenu mkirudi vituoni. Mtakuta amitriptyline miligramu 25 usiku, mwaka baada ya mwaka. Hicho ni kipimo cha kuanzia. Kwa sonona ya mtu mzima, mhGAP inataka kipandishwe hatua kwa hatua hadi miligramu 100 au 150, moyo wake ukiwa hauna tatizo. Miligramu 25 zitampa usingizi na kinywa kikavu, basi. Mtu huyu amebeba maudhi yote ya dawa bila kuonja faida yake, halafu tunamwita sugu.

Tuulize pia kama ni sonona kweli. Je, amewahi kupitia siku za kutolala, kusema mfululizo, kutapanya hela na kujiona mkubwa kuliko wote? Huo ni ugonjwa mwingine, wa hisia kupanda na kushuka, na dawa ya sonona peke yake inaweza kumharibia. Damu yake ikoje? Tezi ya shingoni? Anakunywa kiasi gani cha pombe? Anatumia dawa za VVU za zamani zenye efavirenz, ambazo zinajulikana kusumbua akili na usingizi? Na anapigwa nyumbani? Hakuna kidonge kinachomtibu mwanamke anayerudi kila jioni kwenye kipigo.

Yote hayo yakishakaguliwa, dawa mbili tofauti zikishajaribiwa kwa dozi kamili na muda wa kutosha, na bado hakuna nafuu, basi mgonjwa anayesema "imetosha" anasema jambo la busara. Kubadilisha au kuacha dawa isiyomsaidia ni tiba sahihi. Tusimfanye ajihisi ametukosea. Na tusimwache hapo: kuacha kidonge kisichofanya kazi hakumaanishi kuacha kliniki.

Namna ya kushuka

Mwili uliozoea dawa kwa miaka hulalamika dawa inapoondolewa ghafla. Kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, ndoto kali, hasira, na mshtuko kichwani kama wa umeme unaopita. Watu wa mitaani wanaijua hali inayofanana na hii kwa jina la arosto, na wagonjwa wetu huogopa kwamba wamekuwa mateja. Tuwaambie wazi: dawa za sonona hazileti ile kiu ya kutafuta dawa kwa kila njia, lakini mwili huhitaji muda kuzoea kukaa bila dawa. Si kila mtu hupata dalili hizi, na wengi hupata kidogo.

Hatari kubwa ni kuzichanganya na ugonjwa unaorudi. Dalili za kuacha huanza ndani ya siku chache, zina mambo ya mwilini ambayo mgonjwa hakuwa nayo alipougua, na akirudishiwa dozi hutulia haraka. Ugonjwa unaorudi hujongea kwa wiki au miezi, na unafanana na ule wa mwanzo: kuamka saa tisa usiku, kukosa hamu ya chakula, kujilaumu, kujitenga. Tukikosea hapa tunamhukumu mtu kumeza dawa maisha yake yote kwa sababu ya kizunguzungu cha wiki mbili, au tunausubiri upite ugonjwa ambao hautapita.

Mwaka 2019 Mark Horowitz na David Taylor walieleza katika jarida la Lancet Psychiatry kwa nini hatua za mwisho ndizo ngumu. Picha za ubongo zinaonyesha kwamba dozi ndogo za dawa hizi tayari zinafanya sehemu kubwa ya kazi. Kushuka kutoka miligramu 20 hadi 10 hubadilisha kidogo. Kushuka kutoka 5 hadi sifuri hubadilisha mengi. Kwa hiyo aliyetumia kwa miaka ashuke kwa miezi, na hatua ziwe ndogo zaidi kadiri anavyokaribia mwisho. Fluoxetine hukaa mwilini wiki kadhaa, na hiyo humrahisishia mtu. Kapsuli yake inaweza hata kumezwa siku moja na kurukwa siku inayofuata. Msifanye hivyo kwa dawa zinazotoka mwilini haraka kama paroxetine na venlafaxine. Na aliyepewa diazepam kwa muda mrefu asikatishwe ghafla kamwe, anaweza kupata degedege.

Wakati nao uchaguliwe. Asianze kushuka mwezi wa msiba, wa talaka, wa mitihani au wa kufukuzwa kazi. Achague mtu mmoja nyumbani wa kumwangalia, na mtu huyo aitwe kliniki aelezwe dalili za mwanzo kwa lugha ya nyumbani: akiacha kuoga, akiacha kwenda gengeni, akianza kugawa vitu vyake, usisubiri tarehe ya kliniki. Kuhusu kujiua tuulize moja kwa moja. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Najua wagonjwa wanaogopa kujibu, maana sheria ya Tanzania bado inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, wakati Mahakama Kuu ya Kenya ilikibatilisha kifungu kama hicho Januari 2025. Mgonjwa ajue kwamba sisi tumeuliza kama wauguzi.

Na nini kichukue nafasi ya kidonge? Wilayani Masaka na Rakai, Uganda, vikundi vya wanakijiji vilikutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na watu wa kawaida waliofundishwa, kuzungumzia misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: baada ya vikao, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5, na katika vijiji visivyo na vikundi asilimia 54.7. Tiba hiyo inahitaji mkeka, kivuli na mtu aliyefunzwa. Anayeshuka dawa awe tayari ndani ya kikundi cha namna hiyo kabla ya kuanza kupunguza.

Kwa vikundi vya mjadala vya mchana naomba tujadili jambo moja tu: wale wanaoacha kwa sababu dawa zimeisha kituoni. Mfamasia wa kituo huona mapema kwamba dawa zinaelekea kuisha. Kliniki hujua siku zilipoisha. Napendekeza stoo ikibakiwa na dawa za mwezi mmoja, kliniki iambiwe kwa maandishi, ili wagonjwa waitwe, wabadilishiwe dawa au waanze kushushwa taratibu kwa kile kilichobaki. Tukubaliane nani ataandika taarifa hiyo, nani ataipokea, na nani atawapigia simu wagonjwa.