Tope la Mtoni Halisahau

Ndugu wakulima na wafugaji wa Mbulu na Hanang, leo tuzungumze juu ya tope la mtoni.

Unafika mtoni asubuhi, unaona mawe yote ya chini, unasema: maji haya ni safi. Ngoja kwanza. Madini mazito yenye sumu, kama zebaki na risasi, hayakai sana majini. Hushikamana na chembe za udongo, yakazama. Maji hupita, tope hubaki na mzigo wake miaka mingi. Mafuriko yakija hulizoa na kulilaza katika shamba la mwingine. Nguvu ya tope tunaijua: tarehe 3 Desemba 2023 lilishuka kutoka Mlima Hanang mpaka Katesh, likaua watu zaidi ya 80.

Tena mito mingi ya kwetu haifiki baharini. Huishia katika maziwa yasiyo na mlango wa kutokea, kama Eyasi, Manyara na Balangida. Tunachotupa mtoni hakina pa kwenda, kinabaki kwetu.

Sumu hiyo hutoka wapi? Betri mbovu ya gari ina risasi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki, na wakioshea mtoni, nyingine hupotelea topeni. Humo vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, ikaingia kwa samaki, kwa mama mjamzito, hata katika ubongo wa mtoto aliye tumboni. Kule Tarime, mwaka 2009, maji yenye asidi kutoka mgodini yaliingia Mto Tigithe, nao wananchi walikuwa wakiutegemea.

Mtu atasema, "Mimi nachemsha maji." Vema, endelea. Lakini moto huua vijidudu tu. Risasi haifi kwa moto.

Basi tufanye hivi:

Kwanza, usichote tope la mto kurutubisha mboga au vitunguu swaumu ikiwa upande wa juu kuna gereji, josho au mahali pa kuoshea dhahabu. Tumia samadi.

Pili, maji machafu ya josho yasielekezwe kijitoni. Zamani za ukoloni majosho mengi yalitiwa dawa ya aseniki, nayo hukaa udongoni miaka mingi. Usilime bustani palipomwagwa maji yake.

Tatu, usilime ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ndivyo inavyotaka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na majani ya hapo huzuia udongo usichukuliwe.

Nne, osha mboga vizuri kwa maji safi, udongo wote utoke.

Tano, mkiona samaki wanakufa au maji yamegeuka rangi, zuieni watoto na mifugo, kisha mpelekeeni habari mtendaji wa kijiji. Wapimaji wakija, msikubali wachukue chupa ya maji peke yake. Waambieni: chukueni na tope.