Karatasi za nyumba ya chama zikae fasi moja



Prezida ako na karatasi ya kununua kiwanja, mutunza feza ako na risiti za manjanja, fundi alibakia na mchoro. Kesho jirani akisema mpaka ni wake, mutaonyesha nini?

Sheria ya ardhi ya 1973 inataka sertifika ya kuandikisha, na hamujaipata bado. Kwa hiyo hata kikaratasi cha shefu wa kartie ni ushahidi. Ninyi mulirudi na mifuko tu mikononi, munajua karatasi hupotea namna gani.

Ninaomba sanduku moja la chuma, lenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili. Daftari liandike nani ametoa nini, siku gani. Fotokopi zilale nyumba ingine. Jumapili kila mutu alete yake, hata yenye kupasuka.