Kiunzi cha Mota: Chuma, Feleji au Alumini?

Hotuba ya Katibu katika Sherehe ya Miaka Kumi ya Chama Kikuu



Waliosimama kabla yangu wamekwisha kuisifu miaka hii kumi kuliko niwezavyo mimi. Kwa ruhusa yenu nitasema juu ya jambo moja la chuma, kwa sababu leo Mkutano utaombwa kukata shauri juu ya fedha za mota mpya za mashine zetu za kusaga makopa, na haifai mtu kunyosha mkono juu ya kitu asichokijua.

Nguvu ya mota hutoka ndani, katika nyaya za shaba zilizofungwa kwenye mabati membamba ya feleji, kila moja unene wake yapata nusu milimita. Kiunzi, yaani lile gamba la nje ambalo mafundi huliita bodi, hakizai nguvu yoyote. Ndiyo maana wanunuzi wengi hutazama rangi yake tu. Lakini hicho ndicho kishikacho vifuniko vyenye beringi, ili shafti izunguke katikati bila kugusa kando. Katika mota za kadiri yetu nafasi hiyo mara nyingi haifiki milimita moja. Tena kiunzi ndicho njia ya joto kutokea nje. Mafundi wana kanuni yao ya makadirio: joto la nyaya likizidi kiwango chake kwa digrii 10, umri wa vanishi inayozikinga hupungua kwa nusu.

Kitu cha kale kinachofanyiwa viunzi ni chuma cha kusubu, chenye kaboni ya asilimia 2 hadi 4, kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ya mchanga. (Wazee wa Ufipa walikuwa na tanuru ndefu za udongo, lakini chuma chao kilikuwa cha kufuliwa kwa nyundo, si cha kumiminwa.) Chuma cha kusubu ni kizito, zaidi ya mara 7 ya maji, na kikianguka kutoka garini hupasuka. Lakini ndani yake mna chembe za grafaiti ambazo humeza mtetemeko, na kwa sababu hiyo injini za dizeli zilizosaga nafaka kabla umeme haujafika vijijini zilifanywa kwa chuma hicho.

Alumini ni kijana kwake. Zamani ilikuwa ghali kama vito, hata mwaka 1886 Hall wa Marekani na Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwa upande wake, walipogundua njia ya kuitenga kwa umeme. Uzito wake ni kama theluthi moja ya ule wa chuma, na hupitisha joto vizuri kuliko chuma cha kusubu. Tena huyeyuka kwa digrii 660 tu, na mafundi wa mitaani wa Dar es Salaam huyeyusha chakavu chake wakamimina sufuria. Mota ndogo ya alumini mtu mmoja aibeba kwa baiskeli mpaka bondeni kwenye bustani. Kwa pampu ya mboga sina neno nayo.

Lakini mashine ya kusaga ni jambo jingine. Mkanda huivuta mota upande mmoja mchana kutwa, na miguu ya alumini haivumilii sana. Njia za skrubu nazo hulika upesi. Bolti ya chuma ikigusana na alumini katika hewa yetu ya pwani yenye unyevu na chumvi, alumini ndiyo iliwayo. Na ile sifa ya kutoa joto hupotea unga ukijaa baina ya mapezi, ambao sisi twaujua. Mwaka juzi mota moja ya wanachama wetu ilivunjika mguu katikati ya msimu wa makopa, na kina mama wakachukua mizigo yao kichwani kutafuta mashine kijiji cha pili. Hasara ile haikuandikwa katika daftari lolote.

Feleji ya bamba, iliyokunjwa na kuchomelewa, haipasuki ovyo, na mota kubwa, za namna zihitajiwazo kusukuma maji kama pale Ruvu Juu, Mlandizi, mara nyingi hupewa viunzi vya namna hiyo. Zile ndogo za bamba jembamba hushika kutu upesi, wala sizipendekezi.

Rai yangu, basi, ni chuma cha kusubu kwa mashine zote zilizofungwa juu ya saruji, ingawa bei yake imezidi. Najua baadhi ya Wajumbe wa Halmashauri wangependa fedha ile iongezwe katika mfuko wa mbegu, na hoja yao si ya kupuuzwa. Mota mbili zimewekwa mezani karibu na mlango, zote zimepakwa rangi moja ya kijivu. Karani anayo sumaku: itanata kwenye chuma, wala haitanata kwenye alumini. Tafadhalini zinyanyueni, mzijaribu, msome bei zilizobandikwa. Kura itapigwa baada ya chakula.