Chupa ya Damu Mpakani

Kila Uganda inapotangaza Ebola, macho ya Kenya huelekea miji ya mpakani ya Busia na Malaba. Ndivyo ilivyokuwa Septemba 2022, na tena tarehe 30 Januari 2025, ugonjwa ulipotangazwa Kampala, takriban kilomita 200 tu kutoka hapa Busia. Dereva wa lori hupimwa joto, kisha huruhusiwa kupita. Lakini kipimajoto huonyesha homa tu, na homa huku kwetu mara nyingi ni malaria. Jibu limo ndani ya damu.

Na damu huharibika upesi. Chupa ikitikiswa kwa nguvu, chembe nyekundu hupasuka. Jina lisipoandikwa kwenye chupa pale pale mbele ya mgonjwa, majibu yake yanaweza kumwendea mwingine. Tuna kituo cha taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, pale Alupe, kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba, lakini hakuna mashine inayookoa sampuli mbovu.

Sampuli ya anayeshukiwa kuwa na Ebola hufungwa tabaka tatu: chupa, chombo kisichovuja, kisha kasha gumu. Tena, damu ikichukuliwa kabla ya siku tatu tangu dalili zianze, virusi vinaweza kukosa kuonekana, hivyo kipimo hurudiwa. Kumwambia mtu mapema mno kwamba yu mzima kunanitisha kuliko foleni yoyote ya malori.

Kaunti ya Busia na Wizara ya Afya, wapeni wahudumu wanaochukua sampuli hizi glavu, makasha ya baridi na mafuta ya gari la sampuli sasa, kabla ya mlipuko mwingine.