Asilaumiwe Mama

Ninyi mlio jikoni, ninyi mnaokama ng'ombe huko Kathiani na Mwala, na wewe mgonjwa uliye kitandani, karibuni tukae pamoja dakika hizi chache. Somo letu limo katika 1 Samweli, mlango wa 1, habari za Hana.

Majuzi nilikwenda kumjulia hali mama mmoja hapa kwetu Machakos. Simtaji jina. Ana binti watatu, na mimba yake ya miezi miwili ilikuwa imeharibika. Nilimkuta akilia, wala si kwa maumivu ya mwili. Mama mkwe wake alikuwa amemwambia, "Tumbo lako linajua wasichana tu, na sasa hata hao linawatupa."

Ndugu msikilizaji, kabla hatujafungua vinywa vyetu, yafaa tujue ni kazi gani inayofanyika mahali pale pa siri.

Yai la mwanamke ni dogo sana. Ukiyapanga 10 kwa mstari, hufika kama milimita moja hivi. Mbegu za baba hutoka kwa mamilioni, lakini safari ni ngumu, na zinazofika karibu na yai, katika mrija unaoelekea mji wa mimba, ni mia chache tu. Moja ikiingia, ganda la yai hubadilika mara moja, na zilizobaki hufungiwa nje. Ndivyo ilivyo kwa mwanadamu, kwa ng'ombe, na kwa mbuzi wako pia.

Sasa sikiliza vizuri. Mama humpa mtoto nyuzi 23 za urithi, na baba humpa 23. Katika hizo umo uzi mmoja unaohusu jinsia. Yai la mama huleta uzi wa namna moja tu. Mbegu ya baba huleta mojawapo ya namna mbili: ikileta huu, mtoto ni msichana, ikileta ule, mtoto ni mvulana. Basi anayemlaumu mke kwa kuzaa wasichana amebisha hodi kwenye nyumba siyo. Wala simlaumu baba, maana yeye naye hachagui mbegu itakayofika.

Kisha yai lile hugawanyika. Huwa chembe 2, halafu 4, na siku ya tatu 8 hivi, huku likisukumwa polepole kuelekea mji wa mimba. Siku ya tano limekuwa kama mpira mdogo wenye maji ndani. Chembe za nje zitafanya kondo la nyuma, litakalomlisha mtoto. Kifungu kidogo cha ndani ndicho kitakachokuwa mtoto mwenyewe. Kama siku ya sita au ya saba, mpira huo hutoka katika ganda lake na kuanza kujishikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, kama mbegu ya mahindi inavyoshika udongo. Wakati huo mama mwenyewe bado hajui lolote.

Lakini njiani mengi hukwama. Mara nyingi nyuzi za urithi huwa zimezidi au zimepungua, na mimba haiwezi kuendelea. Katika kila mimba 10 zinazojulikana, moja au mbili huharibika, na karibu nusu ya zile zinazoharibika mapema ni kwa sababu hiyo. Si laana, wala si kwa kuwa mama alinung'unika.

Hata wataalamu hawana amri juu ya jambo hili. Kule Laikipia, katika hifadhi ya Ol Pejeta, kifaru dume aitwaye Sudan alikufa Machi 2018, na katika jamii ya vifaru weupe wa kaskazini wakabaki majike wawili tu, Najin na binti yake Fatu. Agosti 2019 madaktari walitoa mayai 10 kwa majike hao, wakayapeleka Italia kuunganishwa na mbegu za madume zilizohifadhiwa kwenye baridi kali. Mayai 7 yalikomaa. Yaliyoendelea yakawa mwanzo wa mimba ni 2 tu.

Septemba 2023 walipandikiza mimba ya jamii ya pili, vifaru weupe wa kusini, katika jike wa kusini, nayo ikashika. Ndipo mvua kubwa zikanyesha, jike akaambukizwa vijidudu vya udongoni, akafa Novemba. Ndani yake walikuta mtoto dume wa siku 70, urefu wake sentimita 6.4. Walinzi walikuwapo, madaktari walikuwapo. Je, nani alimwambia kifaru yule kwamba ametenda dhambi?

Hana alichokozwa na Penina mwaka baada ya mwaka. Hata Eli, kuhani, alipoona midomo yake inatikisika, alidhani amelewa. Mtumishi wa Mungu alikosea kwa kuwa alihukumu kabla ya kuuliza. Lakini alipoambiwa ukweli, aligeuza maneno yake akambariki.

Nasi twaweza kugeuza maneno yetu. Mama mkwe, nenda leo kwa mke wa mwanao, ukamwombe radhi. Mume, mtoto asipopatikana, msimtume mke peke yake hospitali. Nenda naye, upimwe nawe. Wazee wa kanisa, mimba ikiharibika katika nyumba, huo ni msiba. Enendeni mkafariji kama mnavyofanya kwa misiba mingine.

Nawe mama uliyepoteza, sikuahidi Samweli, maana sikupewa kujua. Nakuambia tu kwamba Mungu aliyeziona chembe zile za kwanza anakuona na wewe.

Yule mama nilimweleza haya kwa ufupi. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo haikuwa mimi?"

Nikamjibu, "La, dada yangu. Haikuwa wewe."